Tumemzika mshauri wa komini, tusiizike kazi yake

Katika matanga ya babu yangu, hapa Alunguli, kwenye ng'ambo ya mashariki ya mji wa Kindu, kila aliyesimama kusema neno alimalizia kwa maneno yaleyale: mtu kama huyu hazaliwi tena. Walisema majirani, wakasema wanasiasa waliovuka mto kuja kutupa pole, wakasema viongozi wa dini, imamu na padri, kila mmoja kwa namna yake. Sisi wa familia tuliwashukuru. Lakini mimi, mjukuu wake, naomba kusema leo kwamba maneno hayo, hata kama yalitoka katika moyo mwema, yana hatari ndani yake.

Yana hatari kwa sababu yanageuza kazi kuwa muujiza. Babu hakufanya miujiza. Alitengeneza baisikeli karibu miaka arobaini, halafu Desemba 2023 watu wakamchagua kuwa mshauri wa komini. Mengi ambayo watu wanamsifia leo ni mambo ambayo sheria ya nchi yetu imeyaweka mikononi mwa komini. Tukisema hazaliwi tena mtu kama yeye, tunawapa ruhusa wote waliobaki wakae bila kufanya lolote. Na sisi wenyewe tunajipa ruhusa ya kutodai.

Nitaeleza maisha yake kwa ufupi, pamoja na yale ambayo kwenye matanga hayasemwi. Halafu nitasema ninachofikiri tunapaswa kufanya.

Fundi wa kinga kwenye njia ya kivuko

Babu alizaliwa kabla ya uhuru, katika kijiji kimoja kwenye barabara ya Kalima. Alikuja Kindu akiwa kijana bila diploma. Alichokuwa nacho ni mikono. Aliweka meza yake ya kazi kwenye njia inayoshuka kivukoni, na hapo ndipo alipokaa mpaka uzee: bisibisi, spana, sahani ya maji ya kutafutia tundu kwenye mpira, na kinga za watu zimeegemea ukuta. Kwa wasomaji wa mbali, kinga ni baisikeli.

Anayeijua Maniema anajua kwamba kinga hapa kwetu si kitu cha michezo. Mchele, mafuta ya mawese, karanga na samaki wa kukauka vimesafiri juu ya kinga kutoka Kalima na kutoka Kasongo, vijana wakiisukuma mizigo siku nyingi kwenye matope. Wakati wa vita vya 1998 hadi 2003, treni iliposimama na barabara zikafungwa, ni kinga zilizolisha mji huu. Babu alikuwa mmoja wa wale waliozifanya ziendelee kutembea. Vipuri havikuwepo. Alikata matairi ya magari yaliyokufa akatengeneza viraka, alifunga minyororo kwa waya. Wengi hawakuwa na pesa ya kumlipa, basi aliandika deni kwenye daftari na kumwacha mtu aende na mzigo wake.

Daftari hilo nataka mlikumbuke. Lilikuwa daftari la kawaida la shule, lenye karatasi za mistari. Lilipojaa alinunua jingine. Alikuwa anaandika jina, kitu kilichofanywa, na siku. Wengine walilipa baada ya miezi, wengine hawakulipa kamwe. Lakini tabia ile ya kuandika kila kitu ndiyo iliyomfanya awe kiongozi, kabla hata ya kura yoyote.

Siku 90

Jambo la kwanza lililomtoa babu kwenye meza yake na kumpeleka ofisini lilikuwa cheti cha kuzaliwa.

Sheria yetu iko wazi. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya Januari 2009, na baadaye Kanuni ya familia iliyorekebishwa mwaka 2016, zinasema mtoto aandikishwe kwenye ofisi ya hali ya kiraia ndani ya siku 90 baada ya kuzaliwa, na kuandikisha huko ni bure. Siku 90 zikipita, mambo yanabadilika: mzazi anapaswa kupitia mahakamani ili jaji atoe hukumu ya kuziba pengo, na mahakamani hakuna kinachokwenda bila gharama na bila kurudi mara nyingi. Mtu wa kawaida anaona bora aache. Mtoto anakua bila karatasi. Kwa miaka mingi kadi ya uchaguzi ndiyo imekuwa kitambulisho chetu, basi mtoto huyo anafika miaka kumi na minane ndipo kwa mara ya kwanza nchi inajua kwamba yupo.

Kijana mmoja wa jirani yetu alikosa nafasi ya kwenda kusoma ng'ambo ya mto kwa sababu ya karatasi hiyo. Babu alikasirika, si kwa wakubwa tu, bali pia kwa baba wa kijana. Tangu hapo alianza ukurasa mpya ndani ya daftari la madeni: watoto waliozaliwa kwenye avenyu yetu, na tarehe. Alikuwa anahesabu. Siku ya sitini hivi alikuwa anapita kwa baba wa mtoto asubuhi, kabla ya kufungua kazi, anasema tu: "Twende komini." Mtu akisema hana nafasi, babu alikaa kwenye kiti akangoja. Alikuwa mzee, huwezi kumfukuza.

Ofisini napo walimzoea. Mara nyingine mtu fulani aliomba "pesa ya karatasi" au "pesa ya wino". Babu hakupiga kelele. Alifungua daftari, akauliza jina la yule anayeomba, ili aliandike. Pesa ya wino ilikuwa haitakiwi tena.

Mstari mweupe

Jambo la pili ni mto. Kindu ina komini tatu: Kasuku na Mikelenge ziko upande wa magharibi wa mto Lualaba, sisi wa Alunguli tuko upande huu peke yetu. Ofisi za jimbo ziko upande wa pili, kituo cha treni upande wa pili. Daraja hakuna. Kuvuka ni maisha yetu ya kila siku, mama wa soko na beseni lake, mwanafunzi na mkoba wake, mgonjwa juu ya kitanda.

Na sote tunajua mitumbwi inavyozama Kongo. Inajazwa kupita kiasi, inavuka usiku, na watu hawana makoti ya kuokolea. Serikali imekataza safari za usiku mara nyingi. Lakini amri inayotoka Kinshasa inapofika kivukoni saa moja ya jioni, inamkuta mpiga kasia ambaye hajapata pesa ya chakula, na abiria ambaye anataka kulala kwake.

Baada ya mtumbwi mmoja kuzama na mtoto wa mtaa wetu kufa, babu hakuandika barua kwa gavana. Alikaa na wapiga kasia. Alikaa nao jioni nyingi. Wazo walilofikia lilikuwa dogo: kila mtumbwi upakwe mstari mweupe ubavuni, na maji yakifika kwenye mstari, mtumbwi umejaa, hakuna anayeingia tena. Abiria yeyote, hata asiyejua kusoma, anaweza kuona mstari. Pia walipanga zamu, ili mtu asilazimike kujaza mtumbwi kwa kuogopa kwamba mwenzake atambeba abiria wote.

Si wote walikubali. Kuna waliomwita mchawi wa biashara yao. Kuna waliopaka mstari juu zaidi kuliko ilivyokubaliwa, naye alikwenda na kamba ya kupimia akaufuta. Kwa muda fulani mke wake, bibi yetu, alikuwa akivuka na mpiga kasia mmoja tu, kwa sababu wengine walikataa kumbeba. Lakini mstari ulibaki. Mitumbwi kadhaa inao hata leo, rangi imefifia.

Ninasimulia haya ili msomaji aone mpangilio wake. Cheti cha kuzaliwa, kivuko, baadaye chemchemi ya maji na mfereji wa soko. Vyote ni mambo ya komini. Alikuwa anafanya kazi ya mshauri kabla cheo chenyewe hakijakuwepo.

Kura tuliyoisubiri

Maana cheo hicho kilichelewa sana kufika. Wabelgiji walipanga kura za kwanza za komini mwaka 1957, katika miji mitatu tu: Léopoldville, Élisabethville na Jadotville. Kindu haikuwemo. Wakati wa Mobutu komini ziliitwa zone, na chama kilikuwa kimoja. Katiba ya 2006 ilisema mji, komini, sekta na shefferi ni vyombo vinavyojiongoza vyenyewe, na sheria ya Oktoba 2008 ikaeleza jinsi: komini iwe na baraza la washauri waliochaguliwa na wananchi, na baraza hilo ndilo limchague bugumestre. Lakini 2006 ikapita bila kura hiyo, 2011 ikapita, 2018 ikapita. Ni Desemba 20, 2023 tu ndipo sisi wa makao makuu ya majimbo tulipopiga kura nne kwa siku moja: rais, mbunge wa taifa, mbunge wa jimbo, na mshauri wa komini. Vijiji na sehemu nyingine za nchi bado zinangoja zamu yao. Na ndugu zetu wa Masisi na Rutshuru hawakupiga kura yoyote kwa sababu ya vita.

Babu hakutaka kugombea. Waliomsukuma ni wapiga kasia, ndio, walewale, na akina mama wa soko. Bibi alikataa. Alisema siasa ya nchi hii inakula watu, na anayebaki mzima inamla roho. Tena kulikuwa na sheria ya kura: orodha ya chama isiyofikia asilimia 10 ya kura katika komini haipati kiti, hata kama mgombea wake mmoja anapendwa kuliko wote. Kwa hiyo fundi wa kinga, ambaye hakuwa na kadi ya chama chochote tangu MPR, alilazimika kutafuta orodha ya kumbeba. Alijiunga na kundi moja dogo, kwa sharti kwamba hatagawa fulana wala chumvi. Viongozi wa kundi walicheka. Alipita.

Tangu siku hiyo mtaa mzima ulimwita Konseye. Hata watoto.

Mfuko wa komini na mfuko wa mtu

Sasa nifike kwenye jambo gumu.

Kuchaguliwa ni kitu kimoja, kufanya kazi ni kingine. Washauri waliochaguliwa walingoja muda mrefu kuwekwa kazini. Uchaguzi wa mabugumestre kupitia kwao uliahirishwa. Babu alifariki akiwa chini ya bugumestre aliyeteuliwa na Kinshasa, kama ilivyokuwa kabla ya kura. Posho ilikuwa ni habari ya redio zaidi kuliko ya mfukoni.

Lakini watu hawakungoja. Tangu wiki ya kwanza, mlango wetu ulijaa saa kumi na mbili za asubuhi. Huyu anataka pesa ya jeneza. Yule anataka karo, mwingine dawa, mwingine nauli ya kwenda Kasongo kwenye msiba. Wote walianza na sentensi moja: "Konseye, sisi ndio tuliokupigia kura." Na babu, mtu aliyezoea kuandika madeni bila kudai, alitoa. Alitoa pesa ya viraka. Alitoa mchele wa nyumbani. Aliuza baisikeli yake mwenyewe, ambayo alikuwa ameijenga kipande kwa kipande.

Baba mdogo, mtoto wake wa tatu, alisema neno kwenye kikao cha familia ambalo halikusemwa kwenye matanga: "Baba alijenga mtaa akasahau nyumba." Hakukosea. Paa la nyumba ya babu linavuja mpaka leo. Dada zangu wawili walikaa nyumbani mwaka mzima bila kusoma, wakati babu analipa karo ya mtoto wa mtu mwingine. Mpwa wake aliomba amsaidie apate kazi ya kukusanya kodi sokoni. Babu alikataa, akasema hataki jina la familia liwe kwenye jeton ya soko. Mpwa yule hakuja kuzika. Babu pia alikuwa mkali. Alimkaripia mtu mbele ya mke wake, mbele ya wakwe. Na katika mikutano yake ya kwanza akina mama walikaa nyuma, wakisema mwisho, kama desturi ilivyo. Ni mama mmoja muuza mihogo aliyemwambia uso kwa uso kwamba kodi ya soko inalipwa na wanawake na inajadiliwa na wanaume. Babu alinyamaza siku mbili. Mkutano uliofuata akina mama walikaa mbele, na daftari la kodi likaandikwa na binti yule wa muuza mihogo, kwa sababu mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa babu.

Sisemi haya kumwaibisha. Nasema ili tuelewe kwamba tulimtumia vibaya. Mwaka wake wa mwisho alianza kukataa. Alisimama mlangoni na kusema: "Mfuko wangu si mfuko wa komini. Njooni tutafute mfuko wa komini uko wapi." Wengi waliondoka na hasira. Kuna waliosema cheo kimempanda kichwani. Waliobaki kumsikiliza walikuwa wachache, na baadhi ya wale walioondoka ndio niliowasikia wakilia kwa sauti kubwa kuliko sisi.

Swali la babu lilikuwa swali la kweli: mfuko wa komini uko wapi? Katiba, kifungu cha 175, inasema asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayokusanywa katika jimbo ibaki katika jimbo. Sheria ya 2008 inasema miji, komini, sekta na shefferi zina haki ya asilimia 40 ya fungu hilo. Tufanye hesabu ya sokoni. Serikali ikikusanya franka 100 Maniema, franka 40 ni za jimbo, na katika hizo 40, franka 16 ni za vyombo vya chini, ambavyo vinazigawana. Hizo 16 ndizo mfereji, chemchemi, taa ya kivukoni, makoti ya kuokolea ya wapiga kasia. Tunajua wote kwamba hesabu hiyo haijawahi kutekelezwa kama ilivyoandikwa. Pesa zinapanda Kinshasa, zikirudi zinarudi kidogo, kwa kuchelewa, na zinaishia njiani.

Mwananchi akimwomba mshauri pesa ya jeneza, yeye na mshauri wote wawili wanasahau kuuliza zile franka 16. Na mshauri asiye na moyo wa babu, akiombwa kila asubuhi pesa asizokuwa nazo, atafanya nini? Atazitafuta. Atazitafuta kwenye soko, kwenye kiwanja cha mtu, kwenye bahasha ya anayetaka kuwa bugumestre kesho baraza litakapopiga kura. Tumeona wabunge wa majimbo walivyopigiwa kelele za rushwa kila panapokuwa na uchaguzi wa gavana na wa maseneta. Tunataka jambo hilohilo lishuke mpaka komini? Sisi tunaogonga mlango alfajiri ndio tunaoanza kuwafundisha wizi.

Tunachopaswa kudai

Kuna watakaosema: wewe unaongea habari ya mifereji wakati nchi inaungua. Ni kweli. Goma ilianguka mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, Bukavu ikafuata Februari. Wasomaji wengi wa ukurasa huu wanaishi huko, au wamekimbia. Washauri waliowachagua Desemba 2023 hawana tena komini ya kuongoza. Lakini mimi naona hiyo ni sababu ya kuongea zaidi. Huku kwetu ambako bunduki haijafika, hatuna kisingizio. Ikiwa kwenye mji wenye amani hatuwezi kufanya komini ifanye kazi, tutawaambia nini wenzetu kwamba ndicho wanachokikosa?

Kwanza basi, tudai kwamba bugumestre achaguliwe na baraza, kama sheria inavyosema. Mtu aliyeteuliwa kutoka mbali anamwangalia aliyemteua. Hata awe mwema, macho yake yako Kinshasa. Serikali na CENI zimepata pesa ya kupanga kura za maseneta na magavana. Kura ya washauri wachache ndani ya chumba kimoja cha komini haiwezi kuwa ndiyo inayoshinda nguvu za nchi.

Pili, kila komini ibandike ukutani, kila mwezi, pesa zilizoingia na zilizotoka. Kodi ya soko kiasi gani, kivuko kiasi gani, kilichotoka jimboni kiasi gani. Kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa. Babu alianza kufanya hivyo kwa daftari, peke yake, kwa soko moja tu: alikaa na akina mama jioni, akajumlisha jeton walizolipa siku hiyo, akaandika. Alipouliza ofisini zimefika ngapi, hakujibiwa. Fundi mmoja kuuliza ni rahisi kumnyamazia. Ukuta unaosomwa na soko zima si rahisi.

Tatu, vikao vya baraza vifunguliwe, na sisi tuende. Tunajua kujaza kiwanja cha mpira na tunajua kujaza matanga. Tujaze na chumba cha baraza, hata kwa kukaa kimya tu nyuma. Mshauri anayeonwa na jirani yake anasema mambo mengine na yule anayesema milango ikiwa imefungwa.

Nne, na hili ni letu peke yetu: tuache kumwomba mshauri pesa. Msiba ni wa mtaa, tuchange kama tulivyochanga siku zote. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mshauri tumwombe kile ambacho yeye tu anaweza kufanya: kuuliza swali kwenye baraza, kukataa bajeti ya uongo, kumsindikiza mtu ofisini, kusimama kivukoni. Akifanya hayo, amefanya kazi yake hata kama hakutoa franka moja. Asipofanya, hata akitununulia jeneza la mninga, ametuibia.

Kuna mtu atakayekaa kwenye kiti cha babu. Simjui bado, na sina ubaya naye. Ninachomwomba si awe mtakatifu, wala auze baisikeli yake. Namwomba anunue daftari. Aandike nani alikuja, alitaka nini, sheria inasema nini, na siku gani alijibiwa. Kisha sisi wa Alunguli tuwe na haki ya kuomba tulione.

Na kwa vile jambo moja halihitaji cheo wala kikao, wala ruhusa ya mtu, nalisema hapa kwa kila msomaji, awe Kindu au Kalemie, Uvira, Bunia au Lubumbashi. Kama kuna mtoto aliyezaliwa kwenye avenyu yako wiki hii, siku 90 zimeanza kuhesabiwa. Kesho asubuhi pita kwa baba yake.